Sifuri ya Gati

Sehemu ya Nne

Kwa waliochelewa kuungana nami, mambo yalikuwa yamefika hapa. Mimi ni mpima ardhi. Niliajiriwa katika mradi wa kuligeuza gati la zamani, pamoja na chelezo cha kutengenezea meli na mabohari yake, kuwa mtaa mpya wa kando ya maji: maduka chini, ofisi katikati, nyumba juu. Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea pale chelezoni kwa miaka ishirini na miwili, na ndiye mwenyekiti wa familia kumi na mbili zilizobaki katika kota za gati. Nilimshawishi. Yeye akawashawishi wenzake. Walikubali kuziacha kota, wapewe nyumba mpya katika ghorofa ya chini ya Jengo la Tatu, zenye milango inayofungukia ngazi za kushukia majini.

Kisha nikakuta maji katika shimo la lifti ya jengo hilohilo. Nikayaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa ya chumvi. Wiki iliyopita niliishia hapo, nikitema mate.

Msomaji mmoja ameniandikia kuuliza kwa nini mtu mwenye diploma aonje maji machafu badala ya kuyapeleka maabara. Swali zuri. Nadhani jibu nilikuwa nalo tayari, na nilikuwa nikitafuta kitu cha kulikanusha haraka.

Jumatatu nilikwenda kwa Babu Vina.

Huyu ndiye aliyekuwa akipima kina cha maji gatini enzi za meli, na jina lake la kuzaliwa limesahaulika hata na wanawe. Anaishi kwa binti yake, katika chumba cha nyuma. Redio iko juu ya kabati, na viatu vimepangwa chini ya kitanda kwa usawa ambao siku nyingine ungeniridhisha.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetujengea pepo?"

"Mimi napima tu, Babu."

"Ndio nyie nyie. Mpimaji hajengi, habomoi, anaandika tu. Halafu watu wanalala nje." Alicheka peke yake. "Kaa. Una sura ya mtu aliyemeza msumari."

Nilimwonyesha picha ya kibao cha shaba kilichopigiliwa ukingoni mwa gati. Kimechongwa namba moja tu: 6.40.

"Babu, hii sita nukta nne sifuri ni mita kutoka wapi?"

"Kutoka sifuri."

"Sifuri ipi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani.

"Sifuri ya gati, mjukuu wangu. Kizingiti cha lango la chelezo. Meli ikija, sisi tunataka kujua kitu kimoja: itapita juu ya kizingiti au itakwama? Mambo ya usawa wa bahari wa serikali yalituhusu nini? Kila kitu tulikihesabu kutoka kizingitini. Ukuta, reli za winchi, mpaka ngazi ya choo."

"Na hicho kizingiti kiko chini ya sifuri ya serikali kwa kiasi gani?"

"Mita. Na ushee."

"Iliandikwa wapi?"

"Iandikwe ya nini? Nani gatini alikuwa hajui?" Kisha akapunguza sauti ya redio. "Kwani wewe ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

Hakucheka tena. Aliniuliza kama nitakunywa chai. Nilisema hapana, akaonekana kushukuru.

Niwaeleze wasiopima. Ukitaka kujua kimo cha mahali, lazima ukubali kwanza kwamba sehemu fulani ni sifuri. Nchi ina sifuri yake. Kanuni ilinitaka nianzie kwenye alama ya serikali, iliyo ukutani mwa stesheni ya reli, nisogee na darubini mtaa kwa mtaa hadi ukingoni mwa gati. Ni kazi ya siku mbili.

Lakini mwaka jana, siku niliyotakiwa kuifanya ilikuwa Alhamisi, na orodha ya wakazi ilikuwa inafungwa Ijumaa. Bila kimo cha ukingo, wasanifu wasingeweza kuchora nyumba za chini. Bila nyumba za chini, watu wa kota wangebaki nje ya orodha. Michoro ya zamani ilisema 6.40. Kibao kilisema 6.40. Nikaona vitu viwili vimekubaliana. Nikaandika 6.40 kutoka usawa wa serikali, nikapiga mstari kwa rula.

Vilikubaliana kwa sababu kimoja kilinakiliwa kutoka kingine. Kazi ya siku mbili niliifanya kwa saa mbili, na niliifanya hivyo kwa kumpenda kaka yangu.

Jumanne na Jumatano niliifanya kama kanuni inavyotaka. Mlinzi wa geti alinishikia fimbo ya vipimo, akilalamikia magoti yake njia nzima.

"Dada Milimita," aliniambia, maana hilo ndilo jina walilonibandika kazini, "hivi hii ardhi ikikuambia iko palepale, utanilipia dawa ya kuchua?"

"Ikisema iko palepale nitakubeba mgongoni mpaka kwako."

"Basi naomba iseme."

Haikusema. Jumatano, saa nne asubuhi, nilisimama ukingoni mwa gati na jibu likiwa katika daftari. Ukingo haukuwa na mita sita na sentimita arobaini. Ulikuwa na mita tano na sentimita thelathini na mbili. Pungufu ya mita moja na sentimita nane.

Bamvua kubwa ya mwaka, bahari inapojaa kupita siku zote, hufika mita nne na sentimita sabini. Sakafu ya nyumba ya kaka yangu iko mita nne na sentimita arobaini na mbili. Na ule ukuta wa gati, uliozuia maji kwa miaka sabini, tuliukata wenyewe ili wakazi washuke ngazi na kutia miguu baharini.

Bamvua kubwa ilikuwa inakuja baada ya wiki tano.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nianze kuandika hadithi hii gazetini. Kota za gati zilipangwa kubomolewa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nilikuwa na saa ishirini na mbili. Nilichukua simu, nikampigia kaka. Alipokea Wifi.

"Wifi yangu! Kaka yako yuko juu ya bati anang'oa dishi. Tunafunga mizigo huku, vumbi mpaka puani."

"Wifi, nisikilize."

"Subiri, wewe nisikilize kwanza, nisije nikasahau. Dirisha la sebuleni lina upana gani? Nimepata kitambaa, lakini muuzaji anataka kukata leo leo."

Nilikuwa na michoro mbele yangu.

"Mita moja na sentimita themanini," nilisema.

"Mungu akuweke. Haya, sema ulilotaka kusema."

"Nilitaka kuwasalimu tu."

"Eti kusalimu! Mtu mzima hana aibu. Njoo ubebe masanduku."

Akakata simu huku akicheka. Nami nikajiambia kwamba namba lazima zihakikiwe kabla hazijatoka mdomoni. Nikakaa ofisini, nikazijumlisha upya kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Nilifanya hivyo hadi jua likatua. Zilitoka sawa kila mara. Nilijua zingetoka sawa.

Alhamisi saa mbili tingatinga liliingia. Ukuta wa mbele wa kota ya kaka yangu ulianguka wa kwanza, na kwa muda mfupi nikaona chumba alichonilaza nilipokuwa chuoni, rangi yake ya samawati, msumari niliotundikia sare. Saa tatu niligonga mlango wa Meneja wa mradi.

Meneja si mtu wa kupiga kelele. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua karatasi yangu, akaipitia mara mbili. Akafuta miwani.

"Kazi safi," alisema. "Hii ndiyo kazi uliyotakiwa kufanya mwaka jana."

"Ndiyo."

"Maduka tutayainua sakafu kwa mbao, dari zake ni mita tano. Ofisi ziko juu, hazina neno. Tatizo ni zile nyumba kumi na mbili. Dari mita mbili na nusu. Ukiinua sakafu, watu watatembea wameinama kama wanatafuta sindano."

"Kwa hiyo tusiwakabidhi."

"Tunakabidhi Jumamosi."

"Meneja, maji yataingia ndani. Kuna watoto. Kuna mama mmoja hainuki kitandani."

"Nimekusikia." Alifungua droo, akatoa daftari langu la vipimo la mwaka jana, akaligeuza upande wangu. "Saini hii ya chini ni ya nani?"

Sikuhitaji kuinama. Siku ile watu wa kota walitaka mwakilishi wao awepo wakati wa kupima. Nilimchagua kaka yangu. Alinishikia fimbo kwa zile saa mbili, akajivuna siku nzima, kisha nikamwonyesha pa kuandika jina lake chini ya maneno "Vimehakikiwa mbele yangu kwa niaba ya wakazi."

"Vipimo vilikosewa, sikatai," alisema Meneja. "Lakini vilikosewa na dada na vikahakikiwa na kaka. Ukitaka kuandika barua, andika. Mimi nitakuwa na ukurasa mmoja tu wa kuonyesha."

"Unanitisha?"

"Nakupangia mambo, Milimita. Wewe si unapenda mambo yaliyopangwa?"

Ijumaa asubuhi nilipeleka barua kwa Mkaguzi wa majengo wa jiji. Niliiandika kwa aya tatu, nikaitia tarehe ya siku hiyo. Karani aliigonga muhuri bila kunitazama usoni.

Kisha nikaenda kumtafuta kaka. Familia zote kumi na mbili zilikuwa zimehamia Bohari Namba Mbili kwa siku mbili, zikisubiri funguo, magodoro yamepangwa chini ya winchi yenye kutu. Kaka hakuwapo. Alikuwa Jengo la Tatu, kwenye dirisha la nyumba yake, anachomelea nondo kwa kibali maalumu.

"Mdogo wangu! Njoo uone kazi. Mwizi wa hapa itabidi aje na cheti cha ufundi."

"Kaka, zima mashine."

Alizima. Akainua kinyago usoni.

"Nimekosea kimo," nilisema.

"Kiasi gani?"

"Mita moja na sentimita nane."

Hakuuliza kimo cha nini. Aliiweka chini ile nondo, polepole, kama kitu kinachoweza kulia.

"Sifuri ya gati," alisema.

"Ulijua?"

"Nani gatini hajui? Siku ile nakushikia fimbo nikakuona unaandika namba ya kibao. Nikasema moyoni, huyu amesoma, ataigeuza ofisini kwa hesabu zao."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize vipi? Wahandisi wanne wamesimama pale na kofia zao ngumu. Mimi fundi wa kuchomelea nimwambie mdogo wangu mbele yao kwamba hajui sifuri? Niliyemsomesha mwenyewe?"

"Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani ulikuja unaruka. Ulimbeba wifi yako ukamzungusha mpaka akapoteza kandambili. Ningeanzia wapi?" Alijifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Na nilikuamini. Hilo tu. Nilikuamini kuliko macho yangu."

Kwenye ngazi za nje, maji yalikuwa yamepanda vidato vinne. Tulivihesabu wote wawili, kila mtu kivyake.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Meneja. Na asubuhi hii nimepeleka barua kwa Mkaguzi wa jiji."

Aligeuka haraka. "Umepeleka leo?"

"Ningefanyaje, Kaka? Nyumba zitajaa maji."

"Leo kota ziko chini! Ingekuwa kabla, tungegoma kutoka. Tungekaa ndani na watoto wetu, hilo tingatinga lingetufanya nini? Leo wakizifunga hizi, tunarudi wapi? Kwenye kifusi?" Kisha sauti ikamlegea, akanigusa bega, kwa sababu kaka yangu hawezi kukasirika kwa dakika moja nzima. "Basi. Si kosa lako. Hesabu umezipata jana, siyo?"

Nilitazama vidato.

Aliuchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Nikamwachia auchukue.

Jumamosi saa tatu watu wote walikuwa mbele ya Jengo la Tatu na mizigo yao. Makabati, majiko, yule mama asiyeinuka amelazwa juu ya kochi. Meneja alikuwa amevaa tai. Funguo kumi na mbili zilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kila mmoja na kibandiko chake.

Mkaguzi alifika kabla ya ufunguo wa kwanza kutolewa. Mwanamke mfupi, mwenye faili kwapani. Hakutoa hotuba. Alitembea kutoka mlango hadi mlango akibandika karatasi nyekundu, zote kumi na mbili, na kila alipobandika aliibonyeza kwa kiganja mara mbili. Alipomaliza akaja mbele.

"Nyumba hizi haziruhusiwi kukaliwa. Ziko chini ya usawa wa bamvua."

"Mpaka lini?" aliuliza fundi bomba, jirani wa kaka tangu wakiwa vijana.

"Jengo lenyewe haliwezi kuinuliwa, baba. Sina tarehe ya kukupa."

Kelele zilizofuata sitaziandika. Meneja alisubiri zipungue. Kisha akatoa ule ukurasa mmoja.

"Na sisi tumesikitika," alisema. "Lakini wakazi mlikuwa na mwakilishi. Vipimo vilihakikiwa mbele yake."

Ukurasa ukapita mkono kwa mkono. Fundi bomba aliusoma akiusogeza mbali na macho, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imo katika mizigo.

"Mwenyekiti. Hii saini yako?"

"Yangu," alisema kaka.

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukilichomelea lile lango la chelezo? Kizingiti si unakijua kama kitanda chako?"

"Nakijua."

"Kwa hiyo ulijua namba imekosewa?"

Kaka yangu angeweza kusema kwamba alimwamini dada yake. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa karibu. Alinitazama mara moja.

"Nilijua," alisema.

"Ametuuza!" alipaza sauti mke wa fundi bomba. "Ndiyo maana alitangulia kuweka nondo!"

"Wakati sisi tunalala kwenye kutu!"

"Mwenyekiti gani huyu? Mwenyekiti wa maji!"

Nilisukuma watu nikafika mbele. "Namba ni zangu!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyepeleka barua. Kaka hana kosa."

"Mnakingiana kifua," alisema fundi bomba bila kunitazama. "Damu moja. Lini dada akamshitaki kaka?"

Mtu alimvuta kaka ukosi wa shati. Kaka hakujitetea. Kofia yake ilianguka, ikakanyagwa, na Mkaguzi akaanza kupiga simu kuita askari.

Hapo ndipo Wifi alipopita katikati ya watu. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye kitambaa cha pazia, bado hakijapindwa. Hakumwendea mumewe. Alikuja kwangu, akasimama karibu kiasi kwamba niliona vumbi la kota katika nyusi zake.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu amesema alijua. Nitaongea naye. Sasa wewe niambie. Ulijua lini?"

Kaka, na mkono wa mtu ungali ukosini mwake, aligeuza shingo.

"Juzi," nilisema.

Wifi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu kwa vidole mgongoni. Juzi ilikuwa Alhamisi.

"Juzi," alirudia. "Kabla ya tingatinga, au baada yake?"